Mkongo, mninga, mtiki au nguzo ya dawa: mbao ipi ya kukaa nje, Moshi na Arusha?

Shemeji yangu anajenga Kisongo, nje kidogo ya Arusha. Juzi alinipigia simu akitaka kujua anunue mbao gani za uzio, na nyingine za "ile deki ya mbele ya nyumba". Nikamwambia neno hilo asithubutu kulitamka mbele ya fundi, ataletewa ndoo na tambara. Kwetu kupiga deki ni kufuta sakafu. Aseme anataka baraza ya mbao iliyoinuka, isiyo na paa, jua lake na mvua yake. Hapo wataelewana.

Swali lenyewe lilikuwa fupi: "Shemeji, mninga au mkongo?" Jibu langu likawa refu kuliko alivyotaka, kwa sababu nimeshalipa ada ya somo hili. Uzio wangu wa kwanza huku Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya Moshi, niliusimamisha kwa nguzo za mgrevilea zilizokatwa kihambani kwetu, yaani shamba la nyumbani, bure kabisa, miguu ikapakwa oili chafu kama wafanyavyo majirani. Masika ya tatu zikaanza kulala moja moja. Juu zilikuwa nzima, unapigilia msumari unashika. Chini, usawa wa ardhi, bisibisi ilizama kama kwenye ndizi iliyoiva.

Ubovu ulianzia hapo usawa wa ardhi, na una sababu yake. Ukungu unaoozesha mbao unataka maji na hewa kwa pamoja. Chini sana maji yapo ila hewa ni haba. Juu hewa ipo ila ubao unakauka. Kipande cha sentimita chache kuzunguka uso wa udongo ndicho chenye vyote viwili, na kwa huku kwetu mchwa nao wanapandia hapohapo. Mbao ikikaa chini ya asilimia 20 ya unyevu, ukungu haupati nafasi. Oili chafu haibadilishi hesabu hiyo: inaingia milimita chache, inachafua udongo, na ufa wa kwanza ukitokea maji yanapita pembeni yake. Kwa hiyo kabla ya kutaja jina la mti, gawa kazi yako mafungu mawili: mbao zinazogusa udongo na mbao zinazokaa hewani. Mara nyingi mafungu hayo hayahitaji mti mmoja.

Jambo la pili, na hili ndilo wauzaji wanalolipitia juu juu, ni kiini. Wazungu wana kiwango chao kinaitwa EN 350, kinachopanga miti kwa uwezo wake wa kuhimili ukungu, kuanzia daraja la 1, la wanaodumu sana, hadi la 5, la wasiodumu. Mninga na mkongo wote wako daraja la 1. Mvule ni 1 hadi 2. Ila madaraja hayo yanahusu kiini peke yake, ile sehemu ya ndani yenye rangi. Sehemu nyeupe inayofuata gome haina daraja la kujivunia katika mti wowote. Nyeupe ya mkongo ni chakula cha wadudu kama nyeupe ya mti mwingine.

Niliwahi kununua mbao za mninga zenye ukanda mpana wa rangi ya maziwa ubavuni. Muuzaji akanihakikishia: "Usijali Mangi, rangi itakuja yenyewe." Ilikuja kweli, rangi ya unga wa dumuzi. Ndani ya miaka miwili kingo zote zilikuwa zimetafunwa, katikati kumebaki kuzima kama mfupa. Risiti ilisema mninga, na mninga ulikuwa. Nilichouziwa ni koti lake.

Mninga na mkongo, bega kwa bega

Hawa ndio wawili wanaoshindanishwa kila yadi ya mbao kutoka Himo hadi Ngaramtoni, na wote wanatoka mbali na mlima wetu. Mninga ni mti wa misitu ya miombo: Tabora, Katavi, Ruvuma na kwingineko. Ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Mkongo ndio wenye zile mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu ambazo watalii wa Arusha wananunua zikiwa shanga.

Ukiinua ubao mmoja mmoja utajua tofauti kabla fundi hajafungua mdomo. Mita moja ya ujazo ya mninga mkavu ina kilo kama 640. Mkongo unakaribia 800 na wakati mwingine unapita. Uzito huo ndio ugumu: baraza ya mkongo haichubuki kwa miguu ya viti wala kwa viatu vya wageni wanaotoka mlimani na changarawe kwenye soli. Mninga unachubuka. Haujachakaa, ila utaona mikwaruzo, na kama wewe ni mtu wa kukereka utakereka.

Upande mwingine, mninga ni mtulivu kuliko karibu mbao zote ninazozijua. Ukikauka haunywei sana, ukilowa hautanuki sana. Ubao wa inchi sita unaopigwa na jua la Januari kisha masika ya Aprili unabaki umelala palepale. Kwa baraza hilo ni jambo kubwa, maana ubao ukijikunja kingo zinainuka na watoto wanajikwaa. Mkongo nao si mkorofi, unatulia vizuri, ila hausamehi fundi mwenye haraka. Msumari unapinda. Skrubu bila kutoboa kwanza kwa keekee inakatika shingo, na kichwa kinabaki mkononi. Mashine ya randa inalia, na visu vinarudi kunolewa mapema. Fundi anayekuambia bei ya kazi ni ileile kwa mkongo na mninga, ama hajawahi kuushika mkongo, ama anapanga kupigilia misumari.

Kuna kitu kuhusu mkongo ambacho hawaambii watu. Kwenye vitundu vyake una rangi ya manjano, na mvua za kwanza zinaikamua. Kama baraza inapakana na ukuta mliopaka chokaa nyeupe, au mnaanika nguo juu yake, mtapata madoa msiyoyatarajia. Dawa yake ni kuziacha mbao nje zinyeshewe kabla ya kuzifunga, au kuvumilia msimu mmoja.

Basi nani anashinda? Kwa nguzo inayozama ardhini, au boriti iliyo karibu na udongo, nampa mkongo bila kusita. Kwa ubao wa juu unaokanyagwa pekupeku, nampa mninga. Nikiwa Uru, ambako mvua haina adabu, ngazi za kupandia baraza nimeweka mkongo hata juu, kwa sababu ngazi inapokea matope, maji na vishindo kwa pamoja.

Mvule

Mvule ni mzuri na sina ugomvi nao. Rangi ya dhahabu inayoelekea kahawia, uzito karibu na wa mninga, unadumu. Ila una tabia ya kuficha mawe tumboni: chokaa inajikusanya ndani ya mti ikawa vijiwe vinavyovunja meno ya msumeno, na vumbi lake linawasha pua na ngozi ya fundi. Ukienda msitu wa Rau, pale chini ya mji wa Moshi, utaona jinsi mvule unavyosimama ukiachwa. Mimi nikishauona pale, hamu ya kuununua kwa ajili ya uzio inapungua. Kwa mlango, sawa.

Mtiki: usiulize jina, uliza umri

Mtiki, au msaji kama unavyoitwa kwenye matangazo ya minada ya Wakala wa Huduma za Misitu, ni mti wa kupandwa. Umepandwa Longuza kule Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro, na bonde la Kilombero. Faida yake ya kwanza ni kwamba asili yake inafuatilika: shamba linajulikana na mnada unajulikana. Faida ya pili ni mafuta. Mtiki una mafuta yake ya asili, ukiupapasa baada ya randa vidole vinateleza kidogo, na mafuta hayo yanasaidia kuuzuia usinywe maji ovyo. Unachezacheza kidogo sana. Na unakatika vizuri, fundi anafurahi.

Tatizo ni kwamba sifa ya mtiki ilijengwa na miti mikongwe ya misitu ya Asia, ambayo EN 350 inaipa daraja la 1. Mtiki wa kupandwa unapewa 1 hadi 3, na upana huo wote unategemea sana umri na sehemu ya gogo. Mti wa miaka 12 uliokatwa na mtu mwenye shida ya ada ya shule una kiini chembamba na nyeupe tele. Ukipasuliwa mbao, nusu ya ulicholipia ni ile nyeupe. Kwa hiyo unapofika yadi usitazame uso wa ubao, hasa kama umeshapakwa rangi au mafuta. Tazama kichwa chake, pale ulipokatwa. Kiini cha mtiki ni kahawia ya dhahabu. Nyeupe inaonekana kama ukanda wa maziwa. Ukikuta ubao ambao kichwa kizima ni kahawia, weka pembeni huo ni wako. Ukianza kuchagua hivyo muuzaji atanuna. Mwache anune.

Mtiki mchanga haufai kuzikwa. Ila kwa fito za uzio zinazoning'inia hewani, sentimita kumi juu ya ardhi, unatosha kabisa, na hapo ndipo naona thamani yake kwa mtu wa bajeti ya kati.

Nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa

Hizi si mbao za asili ya kudumu, lakini nikiziacha nje ya ulinganisho nitakuwa nakudanganya, maana ndizo zitakazokushawishi kwa bei. Ni zilezile zinazobeba nyaya za umeme, ila ndogo. Rangi ya kijani kibichi inatokana na dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, inayosukumwa ndani kwa shinikizo la mtambo.

Hapa mambo yanageuka. Nilisema nyeupe ni udhaifu. Kwenye nguzo ya dawa, nyeupe ndiyo nguvu, kwa sababu ndiyo inayokunywa dawa. Kiini cha mkaratusi kinaikataa. Ndiyo maana nguzo ya duara, yenye nyeupe pande zote, ni bora kuliko iliyopasuliwa. Na ndiyo maana fundi akikata mguu wa nguzo ili zilingane urefu, amekufungulia mlango wa mchwa. Kata kichwa, uelekeze ulipokatwa juu, ufunike kwa kipande cha bati. Mguu usiguswe na msumeno.

Aseniki si mchezo. Watengenezaji wa Marekani waliacha kuuza mbao za dawa hii kwa matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003. Kwa nguzo za uzio wa mpakani mimi sina wasiwasi sana, ila sitaiweka kwenye baraza ambayo mtoto anatambaa na kuokota karanga. Na vipande vilivyobaki visiende jikoni hata siku moja. Ukivichoma, aseniki inapanda na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu, na majivu kwetu yanamwagwa kwenye migomba na mboga. Mabaki yarudishe ulikonunua.

Na vya kihambani?

Mgrevilea nimeshausimulia. Mringaringa ni mbao nzuri ya samani na mizinga, nje kwenye mvua utadumu kiasi lakini usiuzike. Mtarakwa ni habari nyingine: nguzo zake zinasifika mashambani Kaskazini mwa nchi kwa kukaa ardhini miaka na miaka, na kiini chake kina harufu ambayo mchwa hawaipendi. Ila mtarakwa wa asili uko kwenye misitu inayolindwa, na msitu wa Kilimanjaro uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Mkulo, ile kamfa ya wazee, vilevile. Mtu akikuletea usiku kwa bei ya kutupa, unajua umetoka wapi. Wenye bahati wanaokota nguzo za mtarakwa kutoka uzio wa zamani unaobomolewa. Hizo chukua zote.

Uru si Kisongo

Sasa hesabu ya shemeji. Kiwanja chake ni mita 20 kwa 30, mzunguko mita 100. Nguzo kila mita 2 ni nguzo 50. Kila nguzo futi 8, futi 2 zikiwa ardhini. Kwa vibao vya upana wa sentimita 10 vilivyoachana sentimita 5, anahitaji vibao kama 670. Ukizidisha idadi hiyo kwa bei ya mninga utaelewa kwa nini nilimwambia uzio mzima wa mninga ni fahari ya mtu asiye na mikopo.

Kisongo ni pakavu, pana upepo na vumbi. Adui mkubwa pale ni mchwa ardhini na jua juu. Nikamwambia: nguzo 50 za mkaratusi wa dawa, vibao vya mtiki hata mchanga, ila achambue nyeupe iliyozidi theluthi ya ubao. Uru ningebadilisha. Mvua inaponyesha wiki nzima ubao wa uzio haupati siku ya kukauka, kwa hiyo hata vibao nataka kiini kitupu, na naviachanisha zaidi ili upepo upite. Hapa kwetu uzio wa mbao unasimama ndani ya mstari wa masale, ile mimea ya mpaka ya Wachagga. Masale hayang'olewi kupisha nguzo, na atakayeyang'oa atatafuta wazee wa ukoo kabla hajatafuta fundi.

Baraza yake nikaipima kwa urefu wa mbao zinazouzwa, si kwa ndoto. Mbao za futi 12 ni kama mita 3.6, basi baraza iwe mita 3.6 kwa 3. Kwa mbao za inchi sita zilizoachana milimita 6 ni mbao 19 za juu. Chini, boriti za futi 10 kila sentimita 40, jumla 10.

Sasa sikiliza kosa ambalo ninaliona kila mahali, hadi kwenye nyumba za wageni zenye bustani za kupendeza: mninga juu, paini chini. Eti chini hapaonekani. Chini ndiko maji yanakotuama, kwenye mgongo wa boriti pale skrubu zinapoingia, na hakuna jua la kukausha. Mninga unabaki mzima juu ya mifupa iliyooza, na siku moja mgeni anazama na kikombe chake. Kama fedha inatosha aina moja tu ya mbao nzuri, iweke chini. Boriti za mkongo, au kiini cha mtiki mkomavu, kisha juu weka unachoweza. Ubao wa juu unabadilishwa kwa bisibisi mchana mmoja. Kila boriti ivalishwe ukanda wa karatasi ya lami mgongoni, na isilale juu ya udongo bali juu ya vitofali vya zege.

Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Mbao nyingi ngumu zina tanini, na ikikutana na chuma cha kawaida na maji inaacha machozi meusi chini ya kila msumari. Vanishi msiipake nje. Jua litaibandua kama ngozi ya nyoka kabla ya mwaka kuisha. Ama paka mafuta ya linsidi kila mwaka kabla ya masika, ama iache mbao ibadilike kuwa ya kijivu, ambayo haina madhara yoyote. Ukipaka mafuta hayo, matambara yaanikwe yakiwa yamekunjuliwa. Yakirundikwa kwenye kona ya stoo yanajipasha moto yenyewe hadi kuwaka.

Kujua kama mbao zimekauka, nina njia yangu ya kijijini. Nachukua ubao mmoja, naupeleka kwenye mizani ya duka la nafaka, naandika uzito juu yake kwa penseli. Baada ya wiki mbili narudi. Ukiendelea kupungua, bado unakauka, na ukiufunga leo utajikunja kesho.

Kuhusu makaratasi: omba risiti, na kama unasafirisha mzigo kutoka mbali, hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka Wakala, chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Tangu 2023 mninga na mkongo wa Afrika wamo kwenye kiambatisho cha pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Hilo linabana biashara ya kuvuka mipaka ya nchi, si baraza yako, lakini linakuambia miti hii inakoelekea. Ni sababu nyingine ya kuitumia pale tu ambapo hakuna mbadala.

Shemeji akakubali yote, akabaki na geti. Alitaka la mkongo mtupu, mita 4 kwa 1.8, liendane na baraza. Nikampigia hesabu palepale kwenye simu: kwa unene wa sentimita 2.5 hiyo ni mita za ujazo 0.18, yaani kilo 144 za mbao kabla ya bawaba na komeo. Kwa mninga ni kilo 115. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama fremu ya chuma yenye milango miwili ya vibao vya mtiki inaweza kupakwa mafuta yakafanana rangi. Inaweza.